Dakika Hamsini na Siku Moja

Katika miaka ile ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa karani wa tiketi katika ofisi ndogo ya safari karibu na Biashara Street, ghorofani, juu ya duka la leso, na kazi yangu ilikuwa kujua kila mahali ni mbali kiasi gani. Ukinitajia mji, nakutajia muda. Malindi? Nusu saa haifiki. Nairobi? Saa moja. Unguja? Kilomita mia mbili na arobaini na kitu, dakika hamsini. Nikiyasema hayo kalamu iko sikioni na shingo nimeinyoosha, na wateja walionizidi umri mara mbili waliitikia kwa adabu. Raha niliyokuwa nikiipata, hata leo naionea haya.

Jambo moja tu nilikuwa silitaji sana mbele ya wateja: kiwanja cha ndege cha kisiwa chetu hakimo kisiwani. Ili uruke kutoka Mombasa, lazima kwanza utoke Mombasa kwa magurudumu, uvuke Makupa, upenye kati ya malori ya Changamwe, ndipo uione ndege. Siku mbaya, mwendo huo wa barabarani ulikuwa mrefu kuliko ule wa angani. Lakini hayo hayakuandikwa kwenye ratiba, nami nilikuwa mtu wa ratiba.

Nyanya yangu mzaa mama, aliyenilea katika nyumba yake ya Kibokoni, alikuwa na ratiba yake mwenyewe. Yeye alipima muda kwa jiko. Kutoka kwetu hadi posta ilikuwa chai kuchemka mara mbili. Bondeni kwa mjomba ilikuwa sinia moja la kaimati, kutoka unga hadi shira. Nilipomwambia kuwa Unguja kwa ndege ni dakika hamsini, alihesabu kwa vidole, kisha akanitazama kwa shaka.

"Yaani ni wali," alisema. "Maji kuchemka, mchele kukauka, na kupalia makaa. Wali haujashuka jikoni, mimi nishafika Unguja?"

"Ushafika, nyanya."

"Muongo we."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mdogo wake, ndugu yake wa pekee wa tumbo moja, aliolewa Unguja akiwa msichana na akabaki huko. Walipokuwa wadogo, siku ya Idi walikula sinia moja la pilau na mama yao, na mama yao ndiye aliyewatia tonge la kwanza mdomoni, mkubwa kisha mdogo, kabla hajala yeye. Pilau ile, na tonge lile, ndiyo hadithi niliyolelewa nayo. Tangu mdogo mtu aolewe walionana mara moja tu, kwenye matanga ya huyo mama, na sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na mitatu. Mdogo alifungwa na watoto, kisha na wajukuu. Na Nyanya hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa hapandi hata feri ya Likoni bila ya kipande cha ndimu puani.

Mwanzo wa Ramadhani mwaka huo, msafiri mmoja alituletea salamu kutoka Unguja. Mdogo mtu alikuwa na presha ya macho, yote mawili, na madaktari walikuwa wamemwambia hawana la kufanya. Maneno yake tuliyapata kama alivyoyasema, kwa Kimvita chake ambacho miaka yote ya Unguja haikukifuta: "Mwambieni dada, ndoo nikuone, mato yangali yana nuru." Yaani njoo nikuone, macho yangu yangali yanaona.

Nyanya alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya leso, akanigeukia. "Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa utani tangu nilipojua kutembea, "ile ndege yako ya wali mmoja. Nataka kwenda kula Idi na ndugu yangu. Napika hapa, kwenye jiko la mama, nafika huko pilau ingali na moto. Tunakula sinia moja, ananiona, namwona, narudi."

"Unarudi lini?"

"Siku iyo iyo. Mimi silali nje."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila Magharibi, Nyanya alifukiza ubani nyumba nzima kwa mkono wake mwenyewe, chumba kwa chumba, na hakuwahi kumwachia mtu kazi hiyo. Tangu aolewe hakuwahi kulala mahali pengine ila nyumba ile. Tulitaniana kwamba akiitwa peponi wakati wa alasiri atauliza kama atarudi kabla ya Magharibi.

Basi nikakata tiketi. Lakini tiketi inataka tarehe, na Idi haina tarehe. Idi ina mwezi. Mwezi ukiandama usiku wa kuamkia thelathini, ni Idi. Usipoandama, mnafunga siku moja tena. Katika ofisi yetu, meza iliyotazamana na yangu alikaa bwana mmoja mtu mzima kutoka Kaloleni, Mkristo, mpole, aliyepiga taipu kwa vidole viwili kwa kasi ya kutisha. Aliniona nimeshika kalenda, nafuta na kuandika, akacheka.

"Sisi Krismasi yetu haifichwi na mawingu," alisema.

"Nyinyi hamna raha ya kungoja," nikamjibu.

Lakini yeye ndiye aliyenipa njia. Alinishauri niweke viti viwili siku ya kwanza na viwili siku ya pili, kwa penseli, na mwezi ukishaamua, nifute vya siku moja. Kurudi niliweka siku ile ile ya kwenda, ndege ya saa kumi na nusu alasiri. Na kwa kuwa nilijua kila kitu, nilichagua ile tiketi ambayo haibadiliki, nikaigonga muhuri mimi mwenyewe: SAFARI HII HAIBADILISHWI. Nilipenda sana ule muhuri. Tukatuma salamu Unguja kwa simu ya jirani yao: tunakuja siku ya Idi, kwa ndege ya asubuhi.

Mwezi uliandama. Kwetu habari ilifika baada ya tarawehe, watoto wakamiminika njiani, wanawake wakawasha majiko, na mimi nikambembeleza kwa simu yule bwana wa Kaloleni, aliyebaki ofisini usiku ule kwa ajili yetu, afute vile viti vya siku ya pili. "Vimefutwa," akasema, "Idi njema." Nilijisikia kama mwezi wenyewe nimeuandamisha mimi. Furaha ilinijaa, kwa sababu tarehe niliyoikisia ilikuwa sahihi, na ndugu yake Nyanya angali anaona.

Asubuhi, Nyanya alikuwa amepika tayari. Sala ya Idi ilipokwisha, pilau ilikuwa imepaliwa na kutulia. Aliufunga mfuniko kwa mkanda wa unga uliokandwa, kuuzunguka ukingo wote wa sufuria mvuke usipate pa kutokea, akaiviringisha blanketi, akaiweka ndani ya kapu la ukili. "Hili halifunguliwi mpaka tumekaa sote wawili," alisema. Akafukiza nguo zake udi, akavaa doti mpya ya leso, akavaa buibui juu yake, akatoka akinukia Idi nzima. Mimi nilikula tende moja tu, maana nilikuwa nimeiwekea pilau ile nafasi.

Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi ya samaki kule Liwatoni, alitupeleka kwa pikapu yake ya kazi. Alikuwa ameiosha mara tatu. Tulifunga vioo, tukafungua vioo, haikusaidia kitu. Nyanya alikaa mbele na kapu mapajani, pua kaifunika na leso, na kila tulipopita malori ya Changamwe aliuliza kama hizi dakika nazo zimo katika zile hamsini. Nilimwambia hazimo. "Nilijua," alisema.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu kumi na wachache na mapanga mawili, na kwa sababu hiyo kila abiria alipimwa uzani pamoja na mizigo yake. Nyanya hakuwa ameambiwa habari hiyo. Aliupanda mzani kama anayepanda jukwaa, kapu mkononi, akamtazama kijana wa kiwanjani machoni.

"Usiisome kwa sauti," akamwambia.

Kijana akaiandika bila ya kufungua mdomo, akauliza ndani ya kapu mna nini. "Idi," akajibu Nyanya. Kijana alikuwa ndugu yetu Mwislamu kutoka bara ya karibu, na yeye mwenyewe alikuwa kazini siku ya sikukuu. Alisogeza pua, akatikisa kichwa kwa huzuni, akatuachia tupite.

Angani Nyanya hakuogopa. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono, nimebeba ndimu mbili, nimebeba na mfuko. Hakuvihitaji. Alikibandika kipaji cha uso wake kwenye dirisha dogo, akawa anaiangalia bahari aliyoikimbia maisha yake yote, akasema, "Kumbe kwa juu haitikisiki." Kila baada ya muda mfupi alitia mkono chini ya blanketi akagusa sufuria. "Ina moto," ananiambia. Baadaye kidogo, tena, "Ina moto." Tulipoanza kushuka nikatazama saa yangu. Dakika arobaini na nane. Nikamwonyesha. Sikumbuki siku nyingine niliyojivuna kiasi kile kwa jambo ambalo sikulifanya mimi, nilikuwa abiria tu.

Tukafika. Tukaonyesha hati zetu na kadi za sindano ya homa ya manjano. Ofisa wa uhamiaji, mtu wa makamo, midomo imemkauka, alizichukua hati bila ya kutuangalia. Nyanya akamnyoshea mkono kwa bashasha.

"Mkono wa Idi, mwanangu."

Ofisa akainua kichwa. Aliyatazama mavazi yake, akalitazama kapu, na nikaiona pua yake ikicheza.

"Idi gani, bibi?" alisema. "Sisi leo tumefunga. Thelathini."

Nadhani sikuelewa mara moja. Nyanya ndiye aliyeelewa kwanza. Aliurudisha mkono wake polepole, akageuka, akaliona lile jumba dogo lote: wachukuzi, abiria, askari mlangoni, watu na midomo yao mikavu, na wote, mmoja baada ya mwingine, wakilitazama kapu letu. Mkanda wa unga ulikuwa umepata ufa angani. Pilau ilikuwa inanukia. Karafuu, hiliki, kitunguu kilichokaangwa kikawa chekundu, vyote vilikuwa vimetapakaa mle ndani, kabla ya adhuhuri, siku ya mwisho ya Ramadhani.

"Mke mwenzangu," Nyanya alisema kwa sauti ya chini, "umenileta wapi?"

"Unguja, nyanya."

"Unguja ya lini?"

 Mimi niliyejua dakika sikujua siku. Usiku ule kwetu mwezi ulionekana na ukakubaliwa; kwao kulikuwa na mawingu, na habari ya kwetu hawakuichukua. Vile viti vya siku ya pili nilivyovifuta kwa mbwembwe ndivyo vilivyokuwa vya Idi yao. Na bila shaka hakukuwa na mtu wa kutupokea. Tuliwaambia tutakuja siku ya Idi, nao walikuwa wanatungoja siku ya Idi, yaani kesho.

Nyanya aliichomoa leso yake mpya ya juu ndani ya buibui, akaliviringishia kapu. Haikutosha. Akaomba kitambaa changu cha kichwa cha ziada, akakizungushia pia. Mwanamke yule ambaye hakuwahi hata kukoroga chai mbele ya mtu aliyefunga alikuwa sasa anapita katikati ya Ramadhani ya watu na sufuria ya pilau. Aliona haya kiasi cha kutembea ameinamisha kichwa. Mimi, niliyeyasababisha yote, nilishikwa na kicheko kibaya kile kinachokujia matangani, nikakiuma kwa meno mpaka machozi yakanitoka. Akaniona. Mabega yake yakaanza kutikisika na yeye. Tulifika kwenye teksi tukiwa tumeshikana mikono, hoi.

Dereva wa teksi alivuta pumzi moja, akafungua vioo vyote vinne, akaendesha kichwa kikiwa nje mpaka mjini. "Samahani, mwanangu," Nyanya alimwambia kila kona. "Si neno, bibi," alijibu kila kona. "Allah ananijaribu tu."

Nyumba ilikuwa Mkunazini, njia nyembamba, na ndugu yake alikaa juu. Tulisimama chini tukiupapasa mlango tusijue tugonge vipi. Kabla hatujagonga, dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Nani huyo anapitisha pilau mchana wa Ramadhani?" sauti ikafoka. "Hamwoni haya? Watu tumefunga!"

Sauti ile sikuwahi kuisikia maishani mwangu, lakini niliijua. Ilikuwa sauti ya Nyanya akimfokea muuza samaki wa jana. Nyanya alisimama pale njiani, uso juu.

"Ni mimi," alisema. "Na pilau ni ya mama."

Kichwa kikatokeza dirishani. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ndogo: "Dada?"

Nyumba zile za zamani hawashuki kufungua mlango. Ufunguo huteremshwa dirishani kwa kikapu na kamba. Kikapu kikashuka mbio kikizunguka, tukakidaka, hakikuwa na kitu ndani. Kikapanda tena. Kikashuka tena, safari hii na kijiko. "Ufunguo, we mwana!" Nyanya alipiga kelele, na njia nzima sasa ilikuwa inachungulia. Mara ya tatu ufunguo ukaja.

Sitaweza kuueleza vizuri mkutano ule wa ngazini. Walishikana wakabaki vile, buibui la Nyanya limeanguka, na bibi mdogo akawa anamsogeza na kumrudisha, anautafuta uso wake mahali ambapo nuru ilimtosha. Alipoupata aliushika kwa mikono miwili.

"Umezeeka," alisema.

"Kumbe waona!" akajibu Nyanya, na wote wawili wakacheka kwa pamoja, kicheko kimoja, kwa namna ambayo mimi, mjukuu, nilijiona mgeni.

Halafu tukakaa, na ndipo shida ilipojitokeza wazi. Mwenye nyumba alikuwa amefunga, na asingefungua kabla ya jua kuzama hata kwa ajili ya mama yake mwenyewe. Nyanya alikuwa amekula tende yake ya Idi asubuhi, lakini alikataa hata maji. Alisema walishafundishwa darasani tangu zamani: mtu akila Idi kwao, kisha chombo kikampeleka kwa watu wanaofunga, ajizuie nao mpaka jioni. "Walisema chombo," aliongeza, "lakini naona na ndege imo." Na ndege ya kurudi ilikuwa saa kumi na nusu. Jua lilikuwa linazama saa mbili nzima baadaye. Sinia moja, tonge moja, neno lililotuleta, lilikuwa halina mahali pa kukaa katika ratiba yangu.

Nilijisikia vibaya sana. Sisemi kwa kupamba. Niliwaangalia wale ndugu wawili wamekaa goti kwa goti, na lile kapu lililofungwa leso kati yao, nikaona nimewanyang'anya kitu. Nikainuka, nikakimbia hadi ofisi ya ndege pale mjini nikabadilishe tiketi. Mlango ulikuwa na mnyororo. Ramadhani walifunga mapema. Nilisimama nikazitoa tiketi mkobani kana kwamba zingenisaidia, nikausoma muhuri wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, wino mwekundu. Nilirudi nikiburura miguu.

Niliwaeleza. Nikasema tuna saa moja kabla ya kwenda kiwanjani. Bibi mdogo aliinamisha kichwa. Nyanya akaniuliza, "Huku wafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Na ndege?"

"Saa kumi na nusu."

Akahesabu kwa vidole. "Ni wali mara mbili na chai," alisema. "Nimekaa miaka ishirini na mitatu. Wali mara mbili unishinde?"

"Nyanya, tiketi hii haibadilishwi. Ndege itaondoka."

"Na iondoke."

"Na nyumba? Nani atafukiza ubani?"

Alifikiri. Nakumbuka alivyofikiri, jicho moja amelifumba, na jinsi mdogo wake alivyokuwa amekishika kitambaa cha nguo yake kwa nguvu bila ya yeye mwenyewe kujua.

"Nyumba ile inanukia tangu nilipoolewa," alisema. "Usiku mmoja haitakufa."

Saa kumi na nusu na dakika chache, tulikuwa darini, juu ya paa bapa, watatu, tunaanua nguo. Ndege ikapita juu, ndogo, mapanga yake mawili yakilia, ikashika njia ya kaskazini. Viti vyetu viwili vilikuwa ndani yake, vitupu. Nyanya akachukua leso kutoka kwenye kamba, akaipunga kwa nguvu zake zote. "Wasalimuni Mombasa!" alipiga kelele. Mdogo wake alikuwa haioni, lakini alipunga vilevile, upande wa sauti. Nikaitazama ikitokomea na kila nilichokuwa nikikijua, na ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha tele.

Sufuria hatukuifungua. Nyanya aliuziba ule ufa kwa unga mbichi, akaiweka juu ya makaa machache na mengine juu ya mfuniko, ikakaa hapo taratibu mchana wote, huku harufu ikitutesa sisi na majirani pia. Mimi nilikuwa na njaa ya kufa. Azana ya Magharibi iliponadiwa, tulikula tende, tukanywa maji, tukasali, kisha mkanda wa unga ukavunjwa. Mvuke ukapanda hadi darini.

"Ina moto," alisema Nyanya.

Sinia likawekwa. Mkubwa akanawa, akafinya tonge, akamtia mdogo wake mdomoni. Mdogo akatafuna amefumba macho, muda mrefu. Kisha naye akafinya lake, na kwa mkono wa kushoto akautafuta mdomo wa dada yake, akakipapasa kidevu, akaupata, akamlisha.  Mimi nilikuwa nasubiri wamalize heshima zao nile, nikajikuta nalia, nikala huku nalia, na pilau ilikuwa tamu ajabu.

Hatujamaliza, watoto wakaanza kupiga kelele njiani: mwezi, mwezi. Tukapanda darini tena. Ulikuwa umekaa juu ya mapaa, mnene kidogo, maana kwa haki ulikuwa wa siku ya pili, na mtu yeyote mwenye macho angeuona bila ya kuutafuta. Bibi mdogo alikuwa anaangalia kwingine. Nyanya akasimama nyuma yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza polepole, akakiinua kidogo, akakirudisha kidogo.

"Hapo. Umeuona?"

"Bado."

Akakigeuza tena, chembe.

"Nimeuona," alisema mdogo wake. "Ni kama ukucha."

"Ndio huo huo. Mimi niliuona jana. Nimekuletea."

Tulikaa siku nne. Ndege zilizofuata zilikuwa zimejaa watu wa sikukuu, mpaka yule bwana wa Kaloleni alipotupatia viti, na kwenye simu aliniuliza kama ningependa aniandikie kwa penseli au kwa wino. Nyanya alisherehekea Idi mara mbili mwaka ule, na mara ya pili, alisema, ndiyo iliyomwingia. Aliporudi Kibokoni, alifukiza nyumba siku ile mara tatu. Jirani alipomuuliza Unguja ni mbali kiasi gani, alijibu bila ya kusita: "Nilitoka hapa Idi, nikafika Ramadhani. Msimsikilize huyu na dakika zake."

Mwaka uliofuata, Ramadhani ikiwa imebakiza wiki mbili iishe, nilikuwa mezani kwangu nilipoisikia pumzi yake kwenye ngazi. Hakuwahi kuja ofisini kwangu. Aliingia amevaa buibui lake zuri, akamwamkua yule bwana wa Kaloleni, wakaulizana hali, za nyumbani, za watoto, za afya, kirefu kama inavyotakiwa, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja mbele yangu.

"Nataka tiketi ya Unguja," alisema. "Niwahi kabla mwezi haujaandama. Sitaki tena kuwa ng'ambo ya siku."

Nikachukua kalamu. Nikamuuliza kurudi niweke lini, nikiwa nimeshaanza kuandika siku ile ile.

"Usiandike kurudi. Ya kwenda tu."

Nikaiweka kalamu chini. Mwanamke huyu hakuwa amelala nje ya nyumba yake tangu aolewe ila zile siku nne. Nikamuuliza kuna nini.

"Salamu zimekuja," alisema. "Haoni tena. Hata mchana. Sasa huo mwezi nani atamgeuza kichwa?"

Nilitaka kumwambia kwamba kama haoni, kumgeuza kichwa hakutamsaidia kitu. Namshukuru Mungu sikusema. Nilimuuliza tu kama ana hakika, maana Unguja ni mbali na nyumba yake.

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyesahau somo lake.

"Mbali wapi? Dakika hamsini," alisema Nyanya. "Andika."

Nikaandika.